Dobi Aliyejinyima Hewa

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na asiyemjua huyo basi nguo zake zimekunjamana. Miaka ishirini na saba alisimama kwenye meza ileile, pasi ya mkaa mkononi, mdomo haupumziki. Kisha goti likamsaliti. Daktari hakuzunguka mbuyu: apunguze kilo kumi, ama meza amwachie mke wa mwanawe. Kuachia meza! Afadhali angeambiwa amwachie mtu mume.

Basi akajinyima. Asubuhi chai kavu, mchana maji, jioni kipande cha mkate na manung'uniko. Kila Jumamosi alijipima kwenye mizani ya mafurushi ya nguo. Mwezi wa kwanza zikatoka kilo nne, akatamba. Wa pili, nusu kilo. Wa tatu mshale ukagoma kabisa, naye ana kizunguzungu na hasira za kugombana hata na kola ya shati. Akalia, mwanamke yule asiyejua kulia, kisha akajikokota hadi zahanati.

"Unakula nini?" muuguzi akamuuliza.

"Sili."

"Ndiyo shida, mama. Hata ukilala fofofo, mwili unatumia chakula: moyo unapiga, mapafu yanavuta, ubongo unafanya kazi. Sehemu kubwa ya chakula huishia huko. Ukiunyima sana, nao mwili unabana matumizi, tena unaanza kula misuli yako."

Mama Pasi akaguna tu. Maneno ya vitabuni hayo.

Kesho yake akaja mteja mpiga soga. Ili mkaa usiteketee bure wakati wa umbea, Mama Pasi akafunga matundu ya pasi. Wakaongea weee. Aliporudi kwenye shati, mkunjo haukunyooka. Pasi imepoa, na mkaa umejaa tele ndani. Akaitazama, akatazama tumbo lake, akacheka mpaka mteja akarudi nyuma.

"Kumbe nimejiziba mwenyewe," akasema. "Mkaa ninao tele mwilini, ila bila chakula ni kama bila hewa, hauwaki."

Toka hapo akala asubuhi: mayai, maharage, matunda. Sukari akaipunguza kwa kiasi, si kwa kisasi. Mafurushi akayabeba mwenyewe, maana muuguzi alisema misuli hula hata ikipumzika. Kilo zilitoka kwa mwendo wa kobe, mwaka mzima, lakini zilitoka.

Siku daktari alipomruhusu kubaki na meza yake, alikwenda moja kwa moja kazini, akanyoosha mashati kumi na manne bila kukaa.

"Mama, hujachoka?" mke wa mwanawe akamuuliza.

"Sijachoka, mwanangu. Nina njaa," akajibu kwa sauti ya kusikika barabarani, wala hakuona aibu.