Siku Nilipovaa Ubrigedia wa Khainza

Chekeni tu, nimeshazoea, maana hapa Mbale kuna watu wasiolijua hata jina langu lakini wakiniona napita wananyoosha mgongo, wanasema "Afande!" halafu wanaangua kicheko, nami sina wa kumlaumu, aibu ile niliivaa mwenyewe na vifungo nikafunga.

Mimi ni mwalimu wa muziki na maigizo katika shule moja ya Nabuyonga, msingi na sekondari ndani ya ua mmoja. Tulikuwa tumepata nafasi ya kwenda kushindana Jinja, na igizo letu lilimhusu brigedia anayepiga marufuku kuimba kijijini mpaka watoto wa darasa la nne wanamshinda kwa wimbo. Brigedia alikuwa Khainza, msichana wa sekondari mwaka wa tatu, mrefu kama mimi, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Sare yake aliishona fundi wa Namatala kutokana na mapazia ya zamani ya bwaloni, na nishani zilikuwa vizibo vya soda nilivyovifunika kwa karatasi ya dhahabu ya biskuti (kwa mbali, wallahi, ziling'aa kuliko za kweli).

Sasa asubuhi ya safari basi limejaa ngoma, watoto na masufuria, na sare nimeipiga pasi kwa mkono wangu, naitafutia mahali isikunjamane, sipati, nikajiambia, si niivae tu, nitaivua tukifika? Nguo zangu nikazitia kwenye mfuko chini ya kiti, nikabaki na fulana ndani. Uamuzi wenyewe ni huo, mdogo hivyo.

Tulipofika Jinja watoto wakaenda nyuma ya jukwaa kupakwa rangi, mimi nikashuka kuandikisha shule, na basi likaondoka kutafuta mafuta pamoja na mfuko wangu. Mlinzi wa geti akaniona, akagonga visigino, akapiga saluti. Mtu mwenye akili angesema habari za asubuhi. Mimi mkono ulipanda wenyewe mpaka kwenye kofia, tena polepole, kwa madaha.

"Karibu, afande! Sisi nangoja wewe. Kiti yako iko mbele."

"Hapana, bwana, mimi mwalimu tu."

"Ndiyo, afande. Jeshi nafundisha watu," akasema, akanishika kiwiko kwa heshima, na kabla sijajieleza nimeshavuka uwanja, akina mama wananipisha njia, msichana ananibandika ua kifuani, na niko meza kuu nimewekewa soda yenye mrija. (Nitasema ukweli: nilikunywa. Nilikuwa na kiu, na kile kiti kilikuwa na mto.)

Kando yangu alikaa mzee mmoja mnene wa suti ya kijivu. Huyo ndiye alikuwa mgeni wa heshima aliyengojwa getini, mwanajeshi mstaafu. Akanitazama kofia, akanitazama viatu (viatu vyangu vya shule, vyenye chaki), kisha akaniinamia kifuani, mahali ambapo karatasi ya biskuti ilikuwa imebanduka na kizibo kinachungulia.

"Hii ulipewa kwa vita gani?"

Nikakifunika kizibo kwa kiganja.

"Wewe ni wa kikosi gani, afande?"

"Darasa la nne, mzee," nikasema. "Na la tano kidogo."

Hakucheka. Akasema taratibu, "Kaa hapo hapo. Usisogee." Na mimi, kwa kuwa nimevaa sare, nikatii! Nawaza polisi, nawaza mwalimu mkuu wetu Madam Robina, nawaza mke wangu atakavyopigiwa simu, na katika mawazo yote hayo, jamani, sikuwaza hata kidogo kwamba kuna mtoto nyuma ya jukwaa anasubiri nguo.

Ndipo mshereheshaji akaita shule yetu.

Hakutokea mtu. Akaita tena. Majaji wakatazama saa, kwa sababu shule isiyotokea ikiitwa mara ya tatu inaondolewa. Pazia likatikisika, nikamwona Khainza amevaa fulana na kaptula ya michezo, masharubu ya makaa usoni, macho mekundu, anahangaika kunitafuta katika umati. Mama yake alikuwa safu ya pili, ameomba ruhusa kazini ili amwone binti yake jukwaani kwa mara ya kwanza.

Kisha Khainza akaniona. Akafuta machozi, akashuka ngazi, akatembea kama brigedia mpaka meza kuu.

"Wewe!" akanguruma. "Nani alikupa cheo changu?"

Uwanja mzima ukalipuka, watu wakadhani ndio mwanzo wa igizo.

"Vua!"

Nikavua koti. Chini yake ilikuwa fulana ambayo mke wangu alipewa kliniki, imeandikwa kifuani kwa herufi kubwa MAMA NYONYESHA. Nikavua kofia. Nikadhani yameisha.

"Na suruali!"

Aliyeniokoa ni yule mzee. Alisimama, akavuta kitambaa cha meza kwa nguvu, soda zikaenda chini, akanizungushia kiunoni huku machozi ya kicheko yakimtiririka, na hivyo ndivyo nilivyopiga ngoma ya igizo letu lote, nimejifunga kitambaa cha meza chenye madoa ya soda.

Khainza alicheza siku hiyo kama hajawahi kucheza, akapewa tuzo ya mwigizaji bora, mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Shule ikashika nafasi ya pili. Jaji alieleza kwamba tungekuwa wa kwanza, ila kanuni hairuhusu mtu mzima kuigiza, ingawa yule bwana wa kitambaa "ameigiza woga kwa uhalisia mkubwa."

Kwenye basi nilikwenda kumwomba Khainza msamaha mbele ya watoto wote. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nililia. Nilifikiri umetuacha." Hilo ndilo lililoniuma, kuliko fulana, kuliko vicheko. Nimeapa: nguo ya mchezaji nitaibeba kichwani toka Mbale hadi Jinja kwa miguu ikibidi, lakini mwilini mwangu haitaingia tena.