Pumzi ya Baba na Betri za Pikipiki

Nilipoanza shahada ya uzamili katika teknolojia ya betri na haidrojeni, moyo wangu wote ulikuwa kwenye haidrojeni. Betri niliziona kama kazi ya wengine. Nilikuwa ningali naishi na wazazi wangu mtaa wa Jericho, Nairobi, na jirani mmoja wa rika langu kila akiniona natoka na begi asubuhi alikuwa akiniuliza, "Niaje, leo mnalipua nini?"

Kazi yenyewe ilikuwa tulivu kuliko alivyodhani. Tulikuwa tukipitisha umeme kwenye maji yaliyotiwa kemikali kali, nasi tukikaa kutazama viputo. Upande mmoja wa kifaa ilipanda haidrojeni, upande wa pili oksijeni. Haidrojeni tuliipima kwa uangalifu mkubwa, kwani ndiyo iliyotuleta pale. Oksijeni ilipita kwenye mpira mwembamba hadi dirishani, tukaiachilia iende zake.

Baba alikuwa mchonga vinyago. Alikuja Nairobi kutoka Ukambani akiwa kijana, akachonga twiga na vifaru kwa miaka mingi katika karakana iliyojaa vumbi, bila kufunika pua. Vumbi hilo likamharibu mapafu. Muhula wangu wa pili ulipokuwa ukianza, alilazwa, na aliporuhusiwa kurudi nyumbani alirudi na mashine ya oksijeni. Ilikaa sebuleni kando ya kiti chake ikinguruma mchana kutwa, na mrija wake ukamfikia puani.

Shida ilikuwa stima. Ikipotea, mashine inanyamaza, na Mama analazimika kufungua mtungi mdogo wa akiba tuliopewa hospitalini. Mtungi ule haukukaa sana. Mara moja Mama aliutazama ukiisha, akakimbia mpaka barabarani kutafuta gari la kumrudisha Baba hospitali, na stima ikarudi alipokuwa amerejea ndani anamvalisha viatu. Alimvua viatu, akaketi kitandani na kufunga macho.

Jioni moja Baba aliniuliza huko chuoni nafanya nini hasa. Sijui kwa nini hakuwa ameuliza kabla. Nikamweleza habari ya maji na umeme, na jinsi tunavyotenganisha hewa mbili.

"Haidrojeni mnaiweka," akasema. "Na hiyo nyingine?"

"Tunaiachilia."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama," akaniambia, kwani mimi nimerithi jina la mamake na ndivyo alivyoniita siku zote, "mnamwaga pumzi yangu dirishani."

Alikuwa akitania, lakini sikuweza kulisahau jambo hilo. Wiki ile nikamuuliza msimamizi wangu wa utafiti, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, kama oksijeni ile ingeweza kusafishwa ikafaa mgonjwa. Jibu nilikuwa nalijua. Alinieleza tena kwamba inatoka na mvuke wa kemikali unaochoma, na kwamba haidrojeni kidogo inaweza kupenya upande wa pili, na hakuna mtu anayetaka hewa kama hiyo ndani ya nyumba yenye jiko. Nikakubali. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimepanga kumwambia: nataka kubadilisha mada yangu, nichunguze betri zilizochoka za pikipiki za umeme, nione zipi zinaweza kutumika tena majumbani stima inapopotea.

Akaweka kalamu chini. "Unabadilisha kwa ajili ya sayansi au kwa ajili ya nyumbani?"

"Nyumbani," nikasema.

"Utachelewa kumaliza."

"Najua."

Akaichukua tena kalamu. "Basi niandikie pendekezo ambalo hata mtu asiye na mgonjwa ataliamini."

Nilichelewa kweli. Wenzangu walimaliza kabla yangu, nami nikabaki maabarani nikizichaji seli na kuzimaliza nguvu, nikizitenga zilizopata joto haraka. Betri ya pikipiki haifi yote kwa pamoja. Ndani yake kuna seli zilizochoka na nyingine ambazo bado zina miaka. Nilizichagua hizo nzima, nikaziunganisha, nikaziwekea saketi ya kuzilinda, pamoja na inveta ya kugeuza umeme wake uifae mashine ya Baba. Msimamizi wangu alikagua kila kiungo kabla hajaniruhusu kuipeleka nyumbani.

Kuhusu sanduku la kuitia betri hiyo, tulikosana na Baba. Alitaka kulichonga mwenyewe kwa mti mzuri. Nikamwambia haiwezekani, seli ikiharibika mbao zitashika moto, na moto karibu na oksijeni ni hatari kubwa. Lazima liwe la chuma. Alinuna siku nzima. Naamini hakuudhika kwa ajili ya sanduku. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kuona kazi aliyoiweza. Mwishowe alikubali la chuma, na mimi nikatafuta mahali pa kuliweka, mbali na jiko na mbali na kiti chake.

Stima ilipotea Jumamosi moja mchana, baada ya transfoma ya mtaa kuharibika. Redio za majirani zikanyamaza kwa pamoja. Mama alitoka jikoni mikono ikiwa na unga, akaushika mtungi, kisha akasimama. Mashine ilikuwa ikinguruma vilevile. Baba alikuwa amelala kitini, kifua kikipanda na kushuka. Mimi na Mama tulisimama pale tukimsikiliza akipumua. Alipoamka, jua lilikuwa limeanza kushuka na watu wa mtaa wakiulizana njiani kuhusu mafundi.

"Kwani stima imepotea?" akauliza.

Mama akarudi jikoni. Nilimsikia akiimba wimbo wa kanisani, kwa sauti ya chini.

Baba alikaa nasi zaidi ya mwaka baada ya siku hiyo. Alisikia kwamba nimefaulu kuitetea tasnifu yangu, akataka nimweleze maswali yote niliyoulizwa, moja baada ya jingine. Aliaga dunia wakati wa baridi, hospitalini, kwa nimonia. Tulikuwa naye, na hakuhangaika.

Baada ya mazishi nilidhani sitaweza kuigusa ile betri. Mama ndiye aliyeniambia kwamba kuna mama mzee wa kanisani kwao, anayeishi mtaa wa Donholm, aliyetoka hospitali na mashine kama ile. Nikaipeleka siku ambayo sikuwa na kazi. Binti yake alinipokea, akaniuliza maswali mazuri, itadumu kwa muda gani na ataijuaje ikianza kuchoka. Nikamwonyesha taa za mbele na swichi ya kuzima. Kisha nikachomoa mashine ukutani ili waone wenyewe.

Mama mzee aliisikiliza ikiendelea kunguruma. Akanigeukia na kuniuliza kama nimekula.

Nikasema bado. Binti akaenda kupasha chakula, nasi wawili tukabaki sebuleni, yeye akipumua polepole, akinisimulia habari za wajukuu wake.