Picha Safi ya Kichwa cha Mke Wangu

Ni mimi niliyekosa, sina wa kumlaumu. Nilimwita mke wangu mwongo mbele ya mamake, na sasa nalala peke yangu hapa nyumbani Woodley, hata usingizi wenyewe haupatikani.

Maumivu ya mke wangu, Wambui, yalikuwa yanamshika kwenye jicho moja. Linakuwa jekundu, linatoa machozi, pua ya upande huo inaziba, naye hawezi kukaa. Anazunguka nyumba akijipiga kichwa kwa ngumi. Yakimwachilia ananawa uso, anaenda kazini. Mimi nikaona ni maigizo. Mgonjwa gani anapona ghafla hivyo?

Tukaenda hospitali moja huko mjini, akapigwa picha ya kichwa. Ikatoka safi. Badala ya kushukuru Mungu, niliibeba hadi kwao Kinoo, Jumapili jamaa wamejaa, nikaiinua dirishani.

"Tazameni. Kichwa hakina kitu. Binti yenu ananichezea."

Mama mkwe akainamisha macho. Wambui aliendelea kumenya viazi.

Tangu siku hiyo hakulalamika tena. Mjinga mimi, nikajisifu kwamba nimemponya!

Kumbe alikuwa anajifungia bafuni na kufungua mfereji nisimsikie. Asubuhi moja maji yalikatika estate nzima, ndipo nikasikia ukuta: du, du, du. Nikavunja mlango. Alikuwa anagongesha paji la uso ukutani, damu imefika kidevuni.

Nikamkimbiza kwa daktari wa neva, Kilimani. Nikamwambia picha ilikuwa safi.

"Ile picha inaonyesha ubongo ulivyoumbika, si unavyofanya kazi," akasema. "Ng'ambo watafiti wamewapiga watu kama yeye picha za aina nyingine, maumivu yakiwa yamewashika. Kuna mahali ndani kabisa ya ubongo panaamka wakati huo. Maumivu yakiisha, panatulia. Huu ugonjwa upo, bwana. Kina mama wanaougua wananiambia afadhali uchungu wa kuzaa."

Nikamuuliza daktari, "Kwa hivyo alikuwa anasema ukweli?"

Aliyejibu ni Wambui, bandeji kichwani. "Baba Njeri, hata leo unamuuliza daktari. Na mimi niko hapa."

Dawa alipata, na oksijeni ya kuvuta, zinamsaidia. Lakini Woodley hakurudi. Aliomba nimpeleke kwa mamake, akaenda na mtoto wetu Njeri.

Nimeenda Kinoo hadi majirani wamenizoea. Nimepiga magoti. Mara ya mwisho alitoka hadi langoni.

"Sikuchukii," akaniambia. "Lakini yakinishika nikiwa kwako, nakuogopa wewe kuliko maumivu."

Hilo ndilo neno ninaloishi nalo. Sijui nilitoe vipi moyoni.

Wewe unayesoma hapa, kama nyumbani kuna mtu anashika kichwa na kulia, usingoje mashine ikupe ruhusa ya kumwamini. Kaa naye hadi maumivu yapite. Mimi nilikuwa na mke aliyejifunza kuumwa bila sauti, na nikaiita hiyo amani.