Mvue, Mwoshe, Ndipo Umkumbatie

Ipo siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, hata sasa ambapo majina ya wajukuu wengine yananiponyoka. Nimesikia umechaguliwa kuingia kikosi cha uokoaji. Basi keti nikusimulie kabla hujavaa hizo buti. Chai ipo, haraka haipo.

Miaka ya mwanzo ya sabini nilikuwa muuguzi msaidizi katika zahanati ndogo ya Bandari ya Mtwara. Ng'ambo ya Ruvuma vita vilikuwa vinaunguruma, na ndugu zetu wa kijiji cha Kitaya, kule mpakani, walilima huku sikio moja liko angani kusikiliza ndege za vita. Bandarini kazi haikukatika. Korosho zilitoka, na vitu vya kila namna viliingia, yakiwemo mapipa ya dawa kali ya kuua wadudu wa mashambani, yamechorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Makuli waliyasukuma kama wanavyosukuma pipa la mafuta ya taa. Wengine walikaa juu ya lile fuvu wakala mihogo yao.

Mkuu wa zimamoto pale bandarini alikuwa Afande Gideoni, mzee wa Kipare, mtu wa sala, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu umsogelee ndipo umsikie. Kuna msemo mmoja aliuchukia kama nzi kwenye uji: ajali haina kinga. Akiusikia alisimama pale pale. "Kinga ipo," alisema. "Asiye nayo ni mvivu."

Alipoona yale mapipa yanazidi kila meli inapotia nanga, akaomba ruhusa ya kutufunza. Akawakusanya wazima moto wake, na mimi akanitoa zahanati. Alisema anayeokoa na anayetibu wasikutane mara ya kwanza siku ya maafa.

Asubuhi ya somo la kwanza akamlaza chini kijana mmoja wa zimamoto, amevaa ovaroli, akammwagia unga wa muhogo kuanzia kifuani hadi miguuni. "Huu unga ndio sumu," akasema. "Haya, mwokoeni."

Tulicheka, mwanangu. Akina mama waliouza chai na mihogo getini wakaja kushangaa, na mama yangu mzazi alikuwa miongoni mwao. "Jamani, huo si ungekuwa ugali?" akauliza. Watu wakazidi kucheka.

Sisi tukakimbia. Wawili wakamkamata kwapani, wengine miguuni, mbio hadi kivulini. Mimi nikamfungua kifungo kimoja cha shingoni, nikaweka sikio kifuani kumsikiliza moyo, nikamfuta uso kwa mtandio wangu. Tukasimama tumejaa fahari, mmoja akajimiminia chai. Afande akasema, "Sasa tazamaneni."

Unga ulikuwa mashavuni kwangu na midomoni. Ulikuwa kwenye mtandio, kwenye mkoba wa dawa, kwenye shingo za waliombeba. Kikombe cha chai kilikuwa na alama nyeupe za vidole. Hakuna aliyecheka tena.

"Somoe," akaniita. "Kwa nini hukumvua nguo?"

"Afande, mimi mwanamke, yule mwanamume, na watu wanatazama. Niliona haya."

Akanisogelea, na ile sauti yake ya chini ikawa chini zaidi. "Haya ni kitu kizuri, binti. Lakini sumu haina haya. Itapita kwenye nguo iingie kwenye ngozi, itoke kwenye ngozi iingie kwenye damu, wewe bado unatafuta pa kuangalia. Huyu keshakufa. Wewe umeshakufa. Na mama yako pale, utakapokwenda kumwegemea ukisema unasikia kizunguzungu, naye tutamzika."

Yaliniuma, sikufichi. Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, wakaliweka kwa fumbo. Afande alilisema vile vile lilivyo, bila fumbo.

Nilirudi nyumbani Chikongola nimevimba kwa hasira. Mama akaniacha nile kwanza, ndipo akasema, "Mzee yule kasema kweli. Mficha uchi hazai. Lakini mwanangu, hata anayezaa hazalishwi uwanjani. Kuna kumvua mtu, na kuna kumdhalilisha."

Maneno hayo sikulala nayo bure. Kesho yake nikamwendea Afande. Nikamwambia nitavua yeyote, awe shehe au padri, lakini anipe akina mama wa getini, wanifanyie pazia la kanga. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Wafundishwe na wao. Anayesimama karibu na sumu bila kujua, huyo ndiye maiti wa pili."

Basi tukafundishwa sote. Tulijifunza kusimama kabla ya kukimbia. Tulijifunza kuutafuta upepo kwanza, tusogee kutoka upande unakotoka, kamwe si upande unakokwenda. Mimi nilijifunza kuvaa glavu za mpira na aproni, na kuzikata nguo kwa mkasi kwa mbele, nisizivute kupitia kichwani zikaupaka uso ile sumu. Nguo zikitoka, zinatiwa kwenye pipa na kufunikwa. Kisha sabuni na maji mengi, nywele, kucha, nyuma ya masikio. Akina mama walijifunza kushika kanga wakiwa wamegeuza migongo, mbali na maji yanayotiririka. Tulirudia hadi makuli wakatupa jina, wakituita wacheza unga. Afande hakujali. Alisema kichwa husahau upesi kuliko mkono, kwa hiyo tuufundishe mkono.

Halafu siku yenyewe ikaja.

Ilikuwa asubuhi, upepo wa kusi unavuma. Ndani ya ghala safu ya mapipa iliporomoka. Kuli mmoja, Saidi, alibanwa chini yake. Mnyapara wao naye alimwagikiwa na dawa pale alipokuwa. Dereva mmoja wa lori, Lukasi, mtu wa Iringa, alikuwa nje akisubiri mzigo. Aliposikia kelele akaingia mbio, akamtupa yule mnyapara begani na kumtoa hadi uwanjani. Kwa ujasiri, Lukasi hana wa kumfundisha.

Tulipofika, makuli walikuwa wanasukumana mlangoni kumfuata Saidi. Afande akapuliza filimbi. "Simama! Asiingie mtu!"

Wakamtukana. Mmoja alimwambia, "Mzee, mwenzetu anakufa humo, wewe unapiga filimbi?" Afande aliokota vumbi, akaliachia lipeperuke, akaona linakoelekea, akawahamisha watu wote upande wa pili. Ndipo yeye na mwenzake wakavaa barakoa na mitungi ya hewa mgongoni, kila mmoja akikagua mikanda ya mwenzake. Mwanangu, ule muda wa kukaza mikanda wakati mtu amebanwa ndani, hakuna mzigo mzito kuliko huo. Lakini waliukaza.

Mimi nilikuwa nimekwisha vaa glavu. Nikamwendea yule mnyapara aliyelala mchangani, nikaona ni mjomba Mfaume.

Kwetu mjomba si mtu wa mchezo. Ni mdogo wake mama, ndiye angenitolea neno siku ya kuozwa, na mbele yake nilizoea kuinamisha macho. Alikuwa analowa jasho, mate yanamtoka, misuli ya mikono inarukaruka yenyewe. Nilimfunua jicho, mboni imenywea kama ncha ya sindano. Shati na suruali vimelowa ile dawa.

Nikashika mkasi.

Akina mama wakaja na kanga zao, mama yangu mbele. Alipomwona aliyelala, kanga ikamporomoka. "Mfaume! Mtoto wa mama yangu!" Akainama ili amkumbatie.

"Mama, shika kanga," nikasema.

"Mdogo wangu huyu, Somoe!"

"Ukimgusa nitawaosha wawili, na mikono ninayo miwili tu. Shika kanga, mama. Geuka."

Sikuwahi kumwamuru mama yangu maishani mwangu. Alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulielezea. Kisha akaokota kanga, akaitandaza, akageuza mgongo. Na huku ameangalia kule, akaanza kusema kwa sauti, "Mfaume, mdogo wangu, nipo hapa. Sikugusi, lakini nipo. Unanisikia? Nipo." Hakunyamaza hadi nilipomaliza.

Nilimkata nguo zote. Mzima moto mmoja akammwagia maji polepole kwa mpira wa maji, nami nikamsugua kwa sabuni kama mtoto mchanga. Nilipomfunika shuka safi, nikainua macho, nikamwona Lukasi kando anajifuta jasho. Bega la shati lake jeupe lilikuwa limelowa pale alipombeba mjomba.

"Kaka, vua," nikamwambia.

"Mimi mzima, dada. Shughulikieni wagonjwa."

"Vua, kaka yangu."

"Nimesema mimi mzima!" Akaanza kuondoka kuelekea lori lake.

Nilimkimbilia nikasimama mbele yake. Alikuwa mrefu, ilinibidi nitazame juu. "Kaka Lukasi, umemtoa mjomba wangu kwenye kifo. Ukipanda lori hilo, mimi nitakuwa nimekuua. Sikupishi." Akafunua mdomo anijibu, nami nikalikamata lile shati nikalichana toka shingoni hadi tumboni. Alighadhibika, akataka kunisukuma. Lakini mzima moto akamfungulia maji, na kabla sabuni haijafika mgongoni, magoti yakamlegea, akakaa chini, mate yakaanza kumtoka. Akaniuliza kwa sauti ya mtoto, "Dada, nini hiki?" Nikamwambia, "Ni ile ile. Lakini tumeiwahi."

Daktari akafika na gari la hospitali, akawachoma sindano ya kupambana na sumu, wakapelekwa. Afande na mwenzake wakamtoa Saidi. Alikuwa amekwisha kufa, tena daktari alisema alikufa pale pale mapipa yalipomwangukia. Wale waliotaka kumfuata wangefuatana naye hadi kaburini.

Hapo ndipo watu wengi hudhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Saidi alikuwa Mwislamu, na maiti lazima aoshwe. Sumu iliyo mwilini haijui kama mtu amekufa. Mimi na Afande tukaenda kwa shehe wa msikiti wao. Nilimsalimu, nikamweleza kwa heshima kwamba waoshaji wavae glavu na aproni zetu, na maji yamwagwe shimoni, yasifike kisimani. Shehe akashika ndevu. Kisha akasema, "Kuihifadhi nafsi ni katika dini. Leteni hivyo vitu, mnionyeshe vinavyovaliwa." Yeye mwenyewe alivaa wa kwanza. Saidi akaoshwa kwa heshima zake zote, na hakuna aliyeugua.

Lukasi alitoka hospitali mapema. Mjomba alikaa sana, na mikono ilimtetemeka kwa muda mrefu baadaye. Aliporudi nyumbani nilikuwa nikimkwepa. Siku moja akaniita barazani.

"Somoe, nasikia ulinivua."

"Ndiyo, mjomba." Nilikuwa nahesabu mchanga.

"Na mama yako akasimama na kanga."

"Ndiyo, mjomba."

Akasema, "Mfundishe na mke wangu kushika kanga. Na makuli wangu wote kesho waje kwa Afande. Atakayecheka, kazi kwangu hana."

Walikuja wote, mwanangu. Na mke wake alikuja.

Sasa nisikilize. Utakapofika penye maafa, miguu yako itataka kukimbia, na watu watakuita mwoga ukisimama. Simama. Tazama upepo unakwenda wapi, soma kilichoandikwa kwenye chombo, uvae ulichopewa, na mwenzako akukague, ndipo uingie. Anayeingia bila kujua anaingia kwenye nini haongezi waokoaji, anaongeza wa kuokolewa. Aliyepatwa na sumu mvue na umwoshe, kisha ndugu zake wamkumbatie. Na ukimvua, msitiri, maana uhai na heshima si maadui. Yule anayekwambia yeye mzima, mtazame mara mbili. Na mazoezi usiyaone mchezo hata dunia nzima ikikucheka. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Afadhali wakununie leo kuliko uwazike kesho. Siku ile ikifika hutapata muda wa kujifunza, utakuwa na kile tu ambacho mikono yako inakijua.

Haya, nenda. Mwenyezi Mungu akutangulie kila mlango utakaoingia, na akurudishe kwenye kila mlango uliotokea. Akupe macho ya kuona hatari mapema, moyo usioyumbishwa na kelele, na mikono ya kuwarejesha watu kwa mama zao. Nakupa radhi zangu zote. Amina.