Kufuli la Ukumbi wa Mowlem

Iko siku moja, mwanangu, ambayo ningali naiona kama ya jana, ingawa wakati huo nilikuwa msichana mwembamba, nimevaa gauni la kuazima. Nilikuwa mhudumu wa mlangoni kanisani kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuwakaribisha watu na kuwatafutia pa kukaa. Jumapili hiyo alikuja mhubiri mgeni, na mahubiri yakawa marefu. Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja na kuondoka. Mimi nilikuwa na bidii kubwa kwa ajili ya Bwana na sikutaka mgeni aone viti vitupu, basi nikafunga mlango kwa komeo, nikasimama mbele yake kama askari.

Akaja mama mmoja, mtoto analia mgongoni. Nikamtikisia kichwa arudi akakae. Ndipo Mzee Elkana, mzee wa kanisa aliyekuwa amestaafu kazi ya reli, akainuka kutoka kiti cha mbele, akatembea polepole mbele ya macho ya kanisa zima, akafika na kuninong'oneza:

"Binti yangu, hawa watu tumewaita au tumewakamata?"

Akalivuta komeo mwenyewe, akampisha yule mama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mungu aliupanda ule mti bustanini na hakuuzungushia waya. Wewe unamfungia nani mlango?"

Akarudi kukaa. Hakunishtaki kwa mchungaji, wala hakulitaja jambo hilo tena. Lakini swali lake nimeishi nalo tangu ujana mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na namshukuru Mungu kwamba Jumamosi iliyopita nililipatia kazi.

Nina mjukuu anaitwa Nekesa. Yeye na vijana wenzake hapa mtaani kwetu Mowlem walianzisha kikundi, wakakiita Niache Nijipange. Mwanzoni nilicheka jina hilo. Halafu nikakaa nikawasikiliza. Wanasema mtu mzima ndiye mwenye jasho lake na mali yake, na maadamu hajamdhuru jirani, asilazimike kupiga magoti mbele ya kiongozi yeyote ili ajitafutie riziki. Wanataka serikali ndogo, na chama kidogo zaidi. Mimi niliyezoea kungoja mambo yaamuliwe juu, nilisikia kitu kikiamka ndani yangu.

Nilichowapendea zaidi ni kwamba hawakuishia kulalamika kwenye simu. Waliingia chama cha siasa chenye tawi hapa mtaani. Walihudhuria mikutano ambayo vijana wengine huikimbia, walipanda ngazi za maghorofa wakigonga milango, wakanywa chai kwa watu waliowapinga. Uchaguzi wa mashinani ulipofika, Nekesa akachaguliwa katibu wa tawi letu, na rafiki yake Kamau, kijana wa kuchomelea vyuma, akawa naibu mwenyekiti. Mwenyekiti alibaki kuwa Mutiso, mzee wa rika langu ambaye ameliongoza tawi kwa miaka mingi.

Jambo la kwanza walilotaka vijana ni hili. Kwetu kulikuwa na mazoea kwamba tawi ndilo linaloamua nani aweke kibanda kando ya barabara na nani asiweke. Hakuna sheria iliyosema hivyo, watu walizoea tu. Mama Shiru, jirani yangu anayeuza mboga ng'ambo ya barabara, mkabala na ukumbi wa mikutano ya tawi, alikuwa ameomba nafasi mara nyingi na kuambiwa hakuna. Kwa hiyo alitandaza gunia chini, mvua na jua vyake, na kila jioni alibeba nyanya na sukuma wiki kichwani kurudi navyo nyumbani. Nekesa alileta azimio kwamba tawi lijitoe kabisa katika mambo ya vibanda. Lingepita Jumamosi hiyo, au lingerudi kabatini mpaka mwaka mwingine.

Mimi niliitwa kuomba, maana mikutano yetu haianzi wala haifungwi bila maombi. Nikaomba, nikakaa karibu na dirisha. Kamau akafunga mlango kwa kufuli. Hilo nalo lilikuwa mazoea ya Mutiso tangu zamani: mkutano ukianza, wa ndani ni wa ndani na wa nje ni wa nje, mpaka mwisho. Tofauti ni kwamba sasa ufunguo ulikaa kwa katibu, na katibu alikuwa mjukuu wangu.

Nekesa akazungumza vizuri mno. Ungemsikia, mwanangu, ungesimama. Nilitazama huku na huku nikaona vichwa vikiinama kukubali, hata vya wazee. Mutiso naye aliona. Akainuka, akavuta kofia yake, akawaambia watu wa upande wake, "Twendeni." Alijua anachofanya. Azimio halipiti bila watu hamsini ukumbini, na akiondoka na wake, hamsini hawatimii.

Wakafika mlangoni. Kamau alikuwa ameuegemea.

"Kijana, fungua," Mutiso akasema.

"Mkutano haujaisha, mzee."

"Fungua. Hilo kufuli nililinunua mimi."

"Na wewe ndiye uliyetufundisha kulifunga," Kamau akajibu, na vijana wakacheka.

Makelele yakapanda. Mtu akapiga meza. Nikainuka na fimbo yangu, nikaenda hadi alipokuwa Nekesa.

"Nekesa," nikamwambia, "hawa watu mmewaita au mmewakamata?"

"Shosho, si hivyo." Macho yake yalikuwa mekundu. "Wakitoka, tumeisha. Mama Shiru atabaki kwenye gunia. Tumefanya kazi mwaka mzima."

"Najua. Nimekupikia uji mwaka mzima."

"Basi ngoja dakika kumi tu, tupige kura."

"Mimi sina dakika kumi," nikasema, na nikahakikisha ukumbi wote umesikia. "Nimekunywa chai vikombe viwili na choo kiko nje. Utanifungia na mimi?"

Walicheka wote, wa Mutiso na wa Nekesa. Hata Kamau alitazama viatu vyake akitabasamu. Lakini Nekesa hakucheka. Alinitazama, kisha akautazama ule ufunguo mkononi mwake kwa muda, kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. Akaenda akafungua. Akaufungua mlango wote, akauwekea jiwe usijifunge.

"Anayetaka kwenda, aende kwa amani," akasema.

Wakatoka. Nilihesabu migongo yao na moyo wangu ukazama, maana mimi pia nililitaka azimio lile. Nikarudi kukaa pangu dirishani. Tulibaki thelathini na kidogo. Kamau akakaa akajishika kichwa.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hata leo nikikieleza nasikia damu inakimbia. Mama Shiru, pale kwenye gunia lake, aliona mlango uko wazi katikati ya mkutano, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Akavuka barabara, akachungulia.

"Kwani leo mtu anaweza kuingia na kutoka?"

"Anaweza," Nekesa akasema.

"Hata mteja akiniita?"

"Hata mteja akikuita."

"Mimi ni mwanachama miaka yote hii," Mama Shiru akasema, "sijawahi kukaa mkutano hata mmoja. Ningewaachia nani mboga?" Akageuka, akapaza sauti barabarani. "We wa viatu, kuja! Na wewe wa mahindi. Leo hawafungi."

Wakaja, mwanangu. Wa viatu akaja, wa mahindi ya kuchoma akaja na harufu yake, mshona nguo akaja na futi shingoni, na nyuma yao wengine, wote wanachama, wote watu ambao kufuli lile lilikuwa limewazuia kuingia bila sisi kujua. Walisimama mlangoni, jicho moja kwetu na jingine kwa bidhaa zao. Katikati ya mjadala mtu aliita kutoka nje, Mama Shiru akakimbia, akauza nyanya, akarudi akifuta mikono kwa leso na kuuliza, "Mmefika wapi?" Nilikuwa nikimsifu Mungu moyoni kwa sauti ambayo nadhani ilisikika.

Hamsini wakatimia na kupita. Nekesa alipoita kura, kichwa kikajitokeza dirishani kando yangu. Alikuwa Mutiso.

"Na mimi nahesabiwa?"

"Mlango uko wazi, mwenyekiti," Nekesa akamwambia.

Akaingia, akainua mkono kupinga. Nekesa akamhesabu kwa heshima, na wenzake waliomfuata akawahesabu vilevile. Azimio likapita. Nami nikaitwa kufunga kwa maombi, nikaomba nikilia na kucheka.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Nekesa alimpelekea Mutiso kufuli na ufunguo wake. "Ni mali yako, mzee. Ulinunua wewe." Mutiso aliligeuzageuza mkononi. Kisha akavuka barabara, na sisi tukamtazama, akampa Mama Shiru.

"Utalihitaji," akamwambia. "Kibanda bila kufuli watakuibia."

Leo asubuhi nimepita hapo. Kibanda cha mbao kimesimama, rangi ya kijani bado mbichi, na kufuli lile linaning'inia kwenye mlango wa mwenyewe, anayelifunga akitaka na kulifungua akitaka.

Ndiyo maana nakuandikia, wewe kijana uliyeanza kuonja uongozi. Nafurahi kuwaona mkiingia vyamani na kwenye kamati, msiwaachie wengine viti hivyo. Lakini siku mtakapokabidhiwa ufunguo, mtashawishika kuutumia kama walivyoutumia waliowatangulia, na mtajiambia kwamba ninyi mna sababu nzuri. Mimi pia nilikuwa na sababu nzuri kanisani. Ukihubiri uhuru, mpe kwanza yule anayekupinga, na umpe mapema, wakati bado unaogopa kwamba atautumia kukushinda. Na kabla ya kuhesabu wanaotaka kukutoka, tazama nje uone ni nani ambao hawajawahi kupata njia ya kuingia.

Mungu aliyekuumba na hiari akulinde nayo. Akupe moyo mkunjufu mbele ya wapinzani wako na subira siku kura zikipungua. Jasho lako lilishe nyumba yako, milango utakayofungua isikufungie, na siku ukizeeka upate kijana wa kumsimulia. Amina.