Prodyuza wa kwenye video aliulizwa biti inatengenezwaje, sisi Maganzo tukaishia kufukia spika ya shemeji

Wakuu, heshima kwenu wote humu ndani.

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Sitaongeza chumvi, yenyewe inayo ya kutosha.

Jana kijana wangu kaniwekea documentary ya maprodyuza wa hip hop. Nikakaa kwa adabu zote. Saa nzima na ushee, wakuu! Jamaa anaonyesha mtaa aliozaliwa. Anaonyesha jiko la mama yake. Anakaa kwenye kiti cha kuzunguka, anatikisa kichwa, wenzake wanamsifia.

Biti inatengenezwaje? Kimya.

Nikasema zima hiyo kitu. Kijana akaniuliza mzee mbona umekasirika, nikaanza kumweleza, kabla sijafika mbali akawa ameshika simu yake. Basi nawaeleza nyie.

Ni miaka ya tisini, Maganzo, pale jirani na Mwadui. Nilikuwa naishi kwa dada yangu. Shemeji yangu, Baba Shija, alikuwa mchimbaji mdogo wa almasi. Siku alipobahatika kupata jiwe la maana alinunua baiskeli na redio ya kaseti mbili, yenye spika za kuchomoa. Ile redio ilifunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi, na kuigusa mpaka uombe.

Nilikuwa na rafiki, Masanja. Wakuu, Masanja alikuwa anachana mistari ya rap! Kiswahili chake kilijaa Usukuma, lakini akianza, hata mama muuza maandazi anasahau kurudisha chenji.

Sasa likatangazwa shindano la rap Shinyanga mjini. Mshindi anapelekwa Mwanza studio, anarekodi wimbo. Kwetu hiyo ilikuwa kama kuambiwa unapelekwa mbinguni na kurudishwa.

Sharti lilikuwa moja: kila kundi lije na biti yake. Ukija na ile ya Wamarekani ya upande wa pili wa kaseti, unashushwa jukwaani.

Biti tungeitoa wapi? Kinanda hatuna. Studio hatujawahi kuiona hata kwa nje. Sisi tulidhani biti zinakuja tu, kama mitumba.

Ndipo Masanja akaona kanda kwenye duka la kukodisha video la Mhindi mmoja pale mjini. Kwenye kava kuna mtu kavaa headphone, mbele yake mashine ina vitufe kibao. Documentary ya maprodyuza! Tukaikodi tukijua tumeshamaliza kazi.

TV nyumbani hakuna, kwa hiyo tukaenda banda la video. Pale alikuwepo mkalimani anaitwa Deo, kijana wa Ushirombo aliyeacha seminari, ndiyo maana wote tulimwita Padri. Kazi yake ilikuwa kusimama pembeni ya TV na kipaza sauti, anatafsiri. Kiingereza alikuwa nacho kweli. Akakubali kuiweka mchana, kabla ya picha ya kareti.

Banda limejaa wachimbaji wametoka mashimoni, wamelipa kiingilio chao. Dakika chache tu, mmoja akapaza sauti: "Padri, wanapigana saa ngapi?"

Mwingine: "Huyu mwenye kofia ndiye adui?"

Padri akaona watu wanaanza kunyanyuka. Basi akaanza uongo wake. Ikawa jamaa kaibiwa nyimbo na kaka yake, sasa anatengeneza biti ya kulipiza kisasi! Prodyuza akishika redio yake ya utotoni, Padri anasema anatafuta stesheni ya polisi. Wachimbaji wakatulia. Mimi na Masanja mbele kabisa, macho yametutoka.

Likaja swali lenyewe. Hata sisi tusiojua Kiingereza tuliona kwamba ndilo. Muulizaji kaonyesha mashine, prodyuza katabasamu, kagusa kifua, kasema maneno mawili matatu. Chumba chao kilikuwa chini ya nyumba, mabomba yanapita kwenye dari.

Padri akageuka. Akatuangalia. Kisha akasema: "Anasema besi inatoka ardhini. Unafukia spika, unapiga muziki, unarekodi kwa juu."

Nisichekwe hapa. Maganzo kila kitu cha thamani kilitoka ardhini, tungekataaje?

Kesho yake shemeji kaenda kazini, dada kaenda sokoni. Tukachomoa spika moja, tukavuta waya mpaka kwenye shimo lililoachwa nyuma ya nyumba. Tukaishusha, tukaifunika turubai, tukarudishia udongo. Juu tukaweka kiredio cha kuazima kirekodi. Tukapiga muziki.

Tulipokuja kusikiliza, kulikuwa na jogoo wa jirani na sauti ya dada yangu karudi mapema anauliza, "Mnazika nini hapo?"

Muziki hakuna. Spika kuitoa, udongo mbichi umeingia, kile kikaratasi cha ndani kimechanika.

Jioni shemeji akafunua kitambaa chake.

"Bebe, wewe! Spika ya pili iko wapi?"

"Tuliifukia, shemeji."

"Imekufa?"

"Sasa hivi ndiyo imekufa."

Hakutupiga. Afadhali angetupiga. Alikaa akaiangalia ile redio, kisha akatuchukua mguu kwa mguu mpaka kwa Padri.

Padri kuona shemeji kavimba, akasema ukweli wote. "Baba Shija, yule mtu hakusema kitu. Kaulizwa unatengenezaje, kajibu hawezi kueleza, anaisikia tu moyoni. Sasa hawa watoto wamenitolea macho vile, ningewaambia nini?"

ANAISIKIA TU MOYONI!

Wakuu, tangu lini mtu akaulizwa ugali unapikwaje akajibu anausikia moyoni? Weka sufuria, chemsha maji, tia unga! Kuna ugumu gani? Nilitamani kulia pale pale, na kusema kweli Masanja alilia.

Shemeji ndiye aliyecheka. Akasema, "Yaya, hapana, huyo anaficha. Hata sisi mtu akipata jiwe, ukimuuliza kachimba wapi, anakuonyesha kusikokuwa. Hatumuulizi tena. Tunaangalia buti zake zina udongo gani."

Akamwamuru Padri arudie kanda asubuhi banda likiwa tupu, bila kutafsiri neno. Tukaangalia mikono tu.

Na jibu lilikuwepo! Pale pale kwenye redio ya utotoni. Ilikuwa ya kaseti mbili, kama ya shemeji. Kaseti ya kwanza inapiga, ya pili inarekodi, kidole kiko kwenye pause. Anaachia, anabana. Anarudisha kanda ya kwanza nyuma, mahali pale pale. Anaachia, anabana. Mdomo unazungumzia habari za mama yake huku mkono unafanya kazi yote. Na sisi mara ya kwanza tulikuwa bize na polisi wa Padri.

Shemeji akaturuhusu kutumia redio, ila yeye akae hapo hapo. Tukachukua kaseti yake ya muziki wa dansi, kuna mahali mwanzoni ngoma inapiga peke yake kabla waimbaji hawajaingia. Tukaichukua hiyo, tukairudia, tukaiunga. Ukichelewa kidogo kubana, biti inachechemea. Tulirudia mpaka vidole vikaota sugu, na dada akasema ule wimbo akiusikia tena atahama. Lakini ikatoka. Spika moja, na bado ilipiga kifuani.

Siku ya shindano ukumbi ulijaa. Kaseti yetu ikawekwa. Masanja kabla hajafungua mdomo, jaji mmoja akainua mkono, muziki ukazimwa.

"Hii mmeiba. Haya ni mambo ya Wamarekani."

Nikasema tumetengeneza wenyewe.

"Mmetengenezaje? Elezeni."

Makundi mengine yote yako pale, masikio yamesimama. Masanja akanikanyaga mguu. Akaninong'oneza, "Usiseme. Waambie ni siri yetu."

Wakuu, nilikuwa nimechoka na siri. Nilikuwa na hasira na yule jamaa wa kwenye video, na kifua chake, na moyo wake. Nikasema yote. Nikaonyesha kwa vidole wapi unabana, wapi unaachia, kaseti ipi inarudi nyuma. Nikaeleza hadi kwamba unaachia kidogo kabla, maana mota inachelewa kushika.

Jaji akasema sawa, ni yao, endeleeni.

Biti ikaanza upya. Masanja akaniangalia mimi badala ya kuangalia watu, mistari ikamtoka kichwani. Ubeti wa pili wote alisimama tu na kipaza sauti, biti inazunguka peke yake. Waliokwenda Mwanza ni vijana wa Kahama.

Shindano lililofuata karibu kila kundi lilikuja na biti ya kubana na kuachia. Masanja hakuja. Alishakwenda upande wa Geita kufuata dhahabu, baadaye akatulia Katoro, sasa hivi anauza spea za pikipiki. Tukiongea kwenye simu bado anaanza hivyo hivyo: "Haya, mgawa shimo."

Naweza kuvumilia hilo. Kinachoniuma ni kwamba sauti ya yule mtu haikurekodiwa popote. Nimewahi kumwomba achane kidogo tu, hata kwenye simu. Anasema alishasahau.

Na bado, ningeulizwa tena leo mbele ya ule ukumbi, ningesema tena.

Somo nililopata: mtu akikuuliza kwa shida kitu unachokijua, mjibu. Usimgusie kifua. Hujui mwenzako ana spika ya nani mkononi. Na nyie mnaotengeneza hizi documentary, jiko la mama mmeshatuonyesha vya kutosha, sogezeni kamera kwenye vidole.

Wa enzi za kaseti semeni, nyie mlijifunzaje? Na kama kuna kijana ana redio ya babu yake ya kaseti mbili, anataka kujua anabana wapi, aulize hapa chini. Namjibu leo leo, tena hatua kwa hatua.