Mlima Usio na Njia

Kwaa, kwaa, kwaa. Hadi leo nakisikia kisu cha askari wa mlangoni, kule gereza la Buluo, kikigonga ndani ya sufuria yangu. Alikuwa akiikata bukari, ugali wetu, vipande vipande, akitafuta barua ndani. Bukari ya moto, niliyoisonga alfajiri kwa mkono wangu! Nami natabasamu tu. Mimi nikiogopa hutabasamu.

Baba alifungwa kwa swali moja. Kwenye mkutano wa mtaa wetu, hapa Likasi, alisimama akauliza mlima ulio nyuma ya nyumba zetu umeuzwa kwa nani. Basi. Wiki ileile askari wakaja kumchukua. Barua zilikatazwa, na mbele ya askari hatukuthubutu hata kuutaja ule mlima. Nilipomtembelea aliniomba jambo moja: "Mama, unichoree kwetu." Huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake.

Sikusoma sana, lakini penseli inanisikia. Siku tatu nilikaa uani nikauchora mlima wote na njia zake tatu, zile anazopita kila msimu wa mvua akitafuta uyoga.

Kule gerezani, askari wa mlangoni akaifungua karatasi.

"Weye, hii ni nini?"

"Ni mulima, papa."

"Mulima? Na hizi njia? Hii ni ramani kabisa! Unamuonyesha mufungwa kwa kukimbilia, ao unawauzishia wachimbaji wa madini?"

"Hapana, papa. Miye nachora tu."

"Chora maua!"

Akaichana. Sufuria ikapita, mlima ukabaki mlangoni.

Wiki iliyofuata nilileta mlima uleule, bila njia hata moja. Askari akacheka: "Sasa mulima yako iko na kipara. Pita."

Baba aliutazama muda mrefu. Nilidhani nimemkosea, kwamba nimemfutia mlima wake kama waliomfunga walivyotaka. Kisha akaiweka karatasi juu ya goti akaanza kuikwaruza kwa ukucha, taratibu, huku akiniuliza habari za kuku. Askari aliyesimama karibu alipiga mwayo. Muda ulipoisha baba alinirudishia karatasi, maana wafungwa hawakuruhusiwa kukaa nazo.

"Ukaitunze, mama."

Nyumbani nilifunga mlango. Nikailaza penseli ubavu, nikaipaka karatasi polepole. Kote kukawa kweusi, isipokuwa pale ukucha ulipopita: njia moja nyeupe, ya pili, ya tatu. Halafu ya nne, ambayo mimi sikuijua, ikizunguka nyuma ya mlima hadi ukingoni mwa karatasi.

Nikachukua karatasi nyingine, nikaiunga hapo njia ilipokatikia.